Sikuanguka Asubuhi

Baba Shiru,

Githeri iko jikoni, pasha tu. Maji ya kunywa yameisha, piga simu baqala, lile duka la mtaani, walete mtungi.

Asubuhi sikuanguka. Daktari alisema mifupa ya mgongo imelika na haitarudi ilivyokuwa, lakini yule mama wa mazoezi hospitalini alinifundisha kulala sakafuni na kuinua kiuno polepole. Hicho ndicho nilikuwa nafanya. Wewe ukatoka bafuni na povu la mswaki mdomoni, ukanibeba kama gunia la viazi, huku ukimwita Shiru alete maji. Nilinyamaza kwa hasira. Na pia kwa sababu hukuwa umenibeba tangu harusi.

Siku nyingine ukinikuta chini, uliza kwanza.

Nimeenda ibada ya Ijumaa kwa kina Jennifer, hapa hapa mtaani Bin Mahmoud. ~~Njoo na gari unichukue saa sita.~~ Usije na gari. Nitarudi kwa miguu, vile nimeenda. Maumivu yapo, nimeenda nayo.

Halafu angalia pale mlangoni. Zile ndara ulizoninunulia ili nisiwe nainama, nimeziacha. Nimevaa viatu vya kamba, na kamba nimefunga mwenyewe.

Mama Shiru