Neno Ulilomwambia Namkunda

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Najua umeitikia huku umekunja uso, maana kaka Elinisafi atakuwa amekuvuta mpaka migombani ili Mama asisikie. Nimemwagiza mimi. Barua hii nimeiandika kwa mkono nikaipiga picha, naye kaka ataichapisha Same mjini apande nayo Chome kwa bodaboda. Simu imenishinda, Baba. Ukipigiwa unaweka sauti kubwa nyumba nzima inasikia, na likitajwa jina la Namkunda unakata. Tafadhali, hii isome yote.

Mgongo wako unaendeleaje? Na Mama, anameza hata uji? Kila nikishika kijiko namwona anavyogeuzia uso ukutani, nakirudisha mezani.

Elinisafi aliponiambia hospitali wamemrudisha Mama nyumbani, na kwamba kila akizinduka anamuulizia Namkunda, kwaya yetu ilikuwa imeshamaliza kuimba kule Ujerumani na wenzangu wanafunga mabegi. Nikamwomba mchungaji anibakize kwa siku zilizosalia kwenye viza. Nikamwambia siondoki Ulaya bila mdogo wangu.

Tangu hapo nalala kwa masista. Usishtuke! Wana vyumba vya wageni, na ndivyo ninavyoviweza. Mlutheri mimi, binti wa mzee wa kanisa, nalala chini ya picha ya Bikira Maria, na blanketi lao ni zito kweli. Jioni mapema lango linafungwa, chakula ni kimyakimya, mgeni meza yake na masista meza yao, chumba kingine kabisa.

Nyumba ya kwanza ya shirika lake la masista ilikuwa Italia, ndiko nilikoelekezwa kuwa Namkunda anafanya kazi jikoni. Nilifika jioni nimechoka hoi. Sista mzee akanipokea, akaniletea supu ya maharage. Sasa Baba, wewe ndiye uliyetufundisha kwamba mgeni hatoi shida yake mlangoni. Anakaa, anakula, analala, na asubuhi wenyeji ndio wanaomuuliza kilichomleta. Nami nikatulia kwa adabu nikingoja kuulizwa. Nani aniulize? Huku usiposema, wanajua huna neno.

Asubuhi nilipoona kimya, nikalitaja jina mwenyewe, kwa Kiingereza changu cha kuokoteza. Yule sista akashika mashavu. "Yule wa Tanzania? Ndiye aliyepika supu uliyokula. Amehamishwa, ameondoka alfajiri na treni kwenda Austria."

Baba, nilikula chakula cha mikono yake na sikujua. Ukuta mmoja tu ulitutenga. Nilikaa kwenye ngazi zao nikalia kama mtoto aliyepotea gulioni, masista wananizunguka na vikombe vya maji.

Huku Austria sikungoja supu ya mtu. Hata begi sijaliweka chini nikasema, "Namtaka Namkunda, mama yetu anakufa." Akatoka na aproni yake, mikono ina unga. Amekonda, na lile paji la uso wako amelichukua lote. Tulishikana pale mlangoni mpaka sista mkuu akatuingiza ndani. Nilipomweleza, mkuu huyo hakusita, akampa ruhusa palepale. Nikasema moyoni, ahsante Mungu, yamekwisha.

Kumbe ndiyo kwanza yanaanza. Namkunda alikaa kitako, akasema, "Dada, siendi."

"Huendi? Mama anakuita wewe, hamwiti mwingine!"

"Baba alisimama uwanjani kwetu mbele ya watu akasema mguu wangu usikanyage pale maadamu yu hai. Nikikanyaga, na Mama akafa siku hiyohiyo, mtasema nani kamuua?"

"Wewe si sista? Bado unaogopa maneno ya uwanjani?"

"Sista ndiyo, na nimeliombea neno lile miaka yote hii. Halijanitoka. Aliyelisema ndiye wa kuliondoa."

Nimemgombeza. Nimempigia magoti. Sista mkuu naye kamsihi, wapi! Kichwa kigumu, na unajua alikokitoa.

Baba, najua uliumia. Ulimlea usharikani akaenda kwa Wakatoliki, ukangoja mahari na wajukuu akachagua utawa. Sikulaumu kwa hasira yako. Lakini Mama hakusema lolote siku ile, na leo ndiye anayelala akitazama mlango. Nimezunguka nchi za watu na lugha nisizozijua, nimefika hapa, na sina tena mtu wa kumwomba isipokuwa wewe. Nimechoka, Baba. Naogopa. Tiketi yangu ni ya keshokutwa, na ya Namkunda wanaishikilia mpaka kesho tu.

Nakuomba toka nje sasa hivi. Simama palepale uliposimama siku ile, mwite jirani asikie kama alivyosikia wakati ule, useme kwamba Namkunda aje kwao. Elinisafi atakurekodi, atatuma. Huna haja ya kusema umekosea. Sema aje tu.

Nisalimie shangazi anayemgeuza Mama kitandani, mwambie Mungu amwone. Nisalimie mke wa kaka. Na baba mdogo wa kule Mamba, mwambie tangawizi yake shambani haitakimbia, apande aje kumwona shemeji yake angali anamtambua. Mama mwambie nimemwona Namkunda, mzima wa afya. Kwamba anakuja, usimwambie mpaka wewe uwe umeamua.

Mimi usinijibu, Baba. Mjibu yeye. Amekaa hapa ubavuni mwangu, begi lake limefungwa liko miguuni, na simu ameishika kwa mikono miwili.

Binti yako anayekulilia,
Nakijwa