Sili Anayoileta Fundi Kassimu

Xiaobei, Guangzhou
Jumapili asubuhi

Dada yangu Zaina,

Shikamoo. Hujambo wewe, shemeji hajambo, watoto hawajambo? Presha ya Mama imetulia? Na mguu wa Baba je, bado anachechemea? Nauliza habari za mguu huo kila nikikuandikia, na kila mara unanijibu "anaendelea", jibu la kumpa mgeni. Safari hii nijibu sawasawa. Mimi mzima. Ila unyevunyevu wa huku ni balaa, nguo zinaning'inia dirishani siku nne na bado ukivaa unahisi umevaa tambara la kudekia.

Sasa tulia unisikilize. Bahasha hii kakuletea Bi Rukia, mfanyabiashara wa vitenge wa Tanga mjini, mtu wangu wa heshima, mkaribishe ndani. Aliyefuatana naye huhitaji kujulishwa. Ndiyo, ni Fundi Kassimu, yule yule. Usifunge mlango na usimtukane. Mwache asimame hapo uani, karibu na lori la Baba, na chai asipewe mpaka barua hii iishe. Isome kwa sauti, Dada. Baba asikie, Mama asikie, na majirani wakichungulia waambie wasogee, nafasi ipo.

Kwa kuwa Bi Rukia hakuwepo zamani, naanzia mwanzo.

Mimi nilikuwa fundi wa pili katika gereji ya Kassimu hapo Muheza, miaka sita, na lori la machungwa la Baba tulilihudumia sisi. Likaanza kuvuja oili ubavuni mwa injini, mahali palipofungwa pampu mbili zilizobebana. Ya mbele ni ya vakyumu, inayonyonya upepo ili breki ziwe nyepesi. Ya nyuma ni ya usukani, na inazungushwa na hiyo ya mbele. Kassimu akaangalia, akafuta mikono, akatoa hukumu: pampu ya usukani imekufa. Nikafunga mpya kwa mikono yangu. Ikavuja. Nikafunga nyingine mpya. Ikavuja. Ya tatu nayo, vile vile. Nikamwambia, "Fundi, pengine tatizo si hii, ni hii ya mbele." Akanijibu mbele ya mafundi wote, "Siku ukiwa na gereji yako utatufundisha."

Halafu ikaja siku ile ya mteremko wa mtoni. Pampu ya mbele iliishiwa oili, ikagoma. Breki zikawa ngumu, usukani ukakaza, na Baba akaingia korongoni na machungwa yake yote. Mguu ukavunjika mara mbili.

Ijumaa iliyofuata, watu wametoka kuswali na wamejaa uani kumpa Baba pole, Kassimu akaja na ile pampu mkononi. Nyeusi tii, inachuruzika. Akaiinua juu. "Jamani, hii ni mpya? Mzee, mtoto wako kauza mpya, kafunga mbovu." Mimi nikaapa. Nikasema ni mpya, imelowa oili tu. Dada, watu walikuwa zaidi ya thelathini pale na hakuna hata mmoja aliyechukua kitambaa akaifuta. Kufuta tu! Angeona chuma cheupe. Baba akaniangalia kutoka kitandani alikolazwa barazani, akasema, "Mimi sina mtoto wa kiume." Ukanisindikiza wewe stendi, unalia. Mimi sikulia.

Huu ni mwaka wa nne. Unajua kazi yangu huku: wafanyabiashara wakija kununua vipuri nawapeleka viwandani na madukani, nakagua mali, nawatafsiria na akina laobani, ndio mabosi wenye maduka. Katika kukagua huko nikafahamiana na fundi mmoja wa kike, Mama Liang, mwanamke wa makamo anayekaa kwenye kigoda kifupi na kufungua pampu kutwa nzima. Siku moja kaletewa mbili zilizobebana, kama zile za Baba. Nikachuchumaa. Akazitenganisha, akanionyesha katikati yake sili moja ya mpira, duara, ndogo, inayoingia kwenye kidole gumba. Ikichakaa hiyo, oili ya injini inatoka kwenye pampu ya vakyumu, inapita kwenye maungio, inaimwagikia pampu ya usukani iliyo nyuma. Mtazamaji anaiona ya nyuma imelowa, anailaumu. Ubadilishe hata mia, itavuja.

"Kwani mnakosea vipi?" akaniuliza Mama Liang. "Oili za usukani nyekundu, za injini nyeusi. Rangi tu inakuambia."

Hapo ndipo nilipoelewa. Maana sisi hatukuwa na nyekundu! Kassimu hakununua oili nyekundu ya usukani hata siku moja. "Oili ni oili," ndivyo alivyokuwa akisema, na sisi tukajaza kwenye usukani ile oili chafu tuliyoimwaga kutoka kwenye injini. Nyeusi huku, nyeusi kule. Ungejuaje inayovuja ni ipi? Ubahili wake ndio uliomvunja Baba mguu, na mimi ndiye niliyefukuzwa. Tangu siku hiyo, Dada, sikuomba dua nyingine zaidi ya kumpata huyu mtu mbele ya macho yangu.

Na Mungu si Athumani. Msimu huu wa maonyesho ya biashara ya Pazhou, Bi Rukia na wenzake wa Tanga wakaja. Akanipigia, "Sele, tuna mgeni anataka pampu za malori, njoo umsaidie." Nikaenda kwenye mkahawa wetu hapa mtaa wa Dengfeng. Nani yuko mezani anapambana na sahani ya pilau? Kijiko kikamkwama mdomoni. Kisha akainuka, mikono kaitandaza: "Sele! Mwanangu! Kumbe uko huku!"

Mwanangu! Nilitamani kumfunika ile sahani usoni. Nikampa mkono, nikasema, "Karibu China, Fundi. Kesho nitakupeleka."

Sikufichi kitu. Usiku ule nilikuwa nimeshaamua kumtapeli. Lipo duka moja linapaka rangi pampu zilizokufa zikang'aa, mtu unaweza kujiona uso. Kesho yake nikampeleka mpaka mlangoni pa duka hilo. Kassimu kaziona, macho yamemtoka, anasema, "Hizi hizi, mwambie laobani afunge arobaini." Yule laobani ananitazama anasubiri nitafsiri. Neno moja tu, na Kassimu anarudi Muheza na makopo. Nikafikiri: zile pampu zitafungwa kwenye malori ya nani? Ya kina Baba. Na yeye atafanya nini? Atakaa gerejini kwake aseme, "Wachina wamenitapeli," na watu watampa pole! Hapana. Kuonewa huruma? Kamwe. Nikamwambia laobani kwa Kichina, "Hatutaki," nikamshika Kassimu mkono. "Twende, Fundi, kuna pazuri zaidi."

Nikampeleka kwa Mama Liang, na nikawaita Bi Rukia na wenzake wawili waje washuhudie, nimewaambia kuna jambo la kuona. Uani kwake palikuwa na lori la matofali linalovuja, pampu mbili zimebebana vile vile. Nikamgeukia Kassimu. "Fundi Kassimu, wewe ni mkongwe. Hebu tuambie, hili linavuja wapi?"

Hakuhitaji hata kuinama. "Pampu ya usukani hiyo. Imekufa."

Mama Liang akainuka kigodani. Akaziosha pampu zote mbili kwa petroli mpaka zikawa nyeupe. Akajaza oili nyekundu kwenye usukani, akawasha injini, akazungusha usukani kulia, kushoto. Tukasimama. Dakika tano, kumi. Ikajitokeza tone kwenye maungio. Akalipokea kwa karatasi nyeupe, akamwekea Kassimu mbele ya pua. "Kan!" yaani tazama.

Jeusi.

Bi Rukia hajui injini, anajua vitenge, lakini rangi anazijua. Akasema, "Mbona hii siyo ile nyekundu aliyotia?" Nikasema, "Mjibu, Fundi." Nikamweleza Bi Rukia pale pale habari yote, korongo, mguu, Ijumaa ile uani kwetu, kila kitu, na Kassimu amesimama anasikia. Kassimu nilimwambia maneno ambayo hapa siyaandiki kwa kuwa Mama anasikiliza.

Unajua alichosema? Nilitegemea akatae, abishe, nipate cha kumchana nacho zaidi. Akasema kwa sauti ndogo, "Nilijua, Sele. Mwaka ule ule ulioondoka lililetwa lori la mbao lenye ugonjwa huo. Nilibadilisha sili tu, likapona. Ningesemaje, na watu wote walishasikia?"

Alijua, Dada. Miaka mitatu na zaidi anajua, anampita Baba sokoni anampa salamu, anamwona anaburuta mguu, na anajua.

Ndipo nikamtajia masharti. Ataileta mwenyewe, mfukoni mwake, sili mpya ya lori la Baba. Ataifunga mwenyewe, yeye chini ya lori, bila mwanafunzi wa kumpa spana. Na atalisema kosa lake Ijumaa, watu wakitoka kuswali, hapo hapo alipoinulia ile pampu. Akaniomba, karibu kulia, "Niache nimwambie baba yako chumbani, wawili tu, mimi ni mtu mzima." Nikamwuliza mimi aliniaibisha chumbani? Mtenda akitendewa huona kaonewa. Bi Rukia akadakia, "Na mimi nitakuwepo, na usipolisema wewe nitalisema mimi Tanga nzima." Pampu nzuri nilimtafutia, sikumpunja. Nataka asiwe na kisingizio.

Kwa hiyo Ijumaa Mama asimtandikie mkeka. Najua moyo wake, mzuieni. Akimaliza kufunga, oili iwe nyekundu, chafu isiguse. Na hiyo pampu ya usukani iliyopo, ile ile aliyoiinua, Dada, chukua kitambaa uifute, umpe Baba aishike.

Nisalimie Mama, mwambie dawa za presha nimempa Bi Rukia. Msalimie shemeji, na Shangazi Mwanaisha ambaye peke yake alisema "huyu mtoto siyo mwizi" na akanyamazishwa. Watoto wako wabusu. Wanangu hao wakikuuliza mjomba yuko wapi, uwaambie bila kunong'ona.

Limebaki la Baba, na hili usiliruke. Kassimu ni mtu baki. Mtu baki akikusingizia unauma meno, siku yake ikifika unamlipa, mambo yanakwisha. Mimi sasa nimemlipa na bado kifua kinawaka, na nimekaa nimejiuliza kwa nini. Kassimu alisema uongo, lakini Baba ndiye aliyeuamini. Baba aliyenifundisha kushika spana, aliyejua hata sukari ya chai nilikuwa naomba kabla ya kuchota. Huyo ndiye niliyemkasirikia miaka yote hii, na Kassimu nilimtumia tu.

Sitaki aniombe msamaha kupitia kwako, wala kwa Mama. Namba yangu unayo. Ashike simu mwenyewe, apige. Mara ya kwanza nitaiacha iite mpaka ikatike, naye aonje kuita mtu asiyeitika. Akipiga mara ya pili, nitapokea.

Mdogo wako,
Selemani