Moto Yote Inaenda kwa Kioo

Siku ya posho, 4 oktobre 2025

Adalbert ameuza jeep ya zamani! Hakuniuliza. Mutoto niliyemubeba mugongoni toka Butembo, anafika hapa Katoyi na gari mupya, anapiga honi kama bwana harusi. "Mama, kuja uone." Nimeona. Inametameta. Butoni hakuna hata moja — ni ekra tu, kubwa kama sahani ya fufu, imeandikwa kichina. Adalbert anasema si kichina, ni kijaponi. Na wewe unasoma kijaponi? Akaanza kupangusa vumbi kwa mulango.

Nikauliza moto iko wapi. Jeep ilikuwa na kamukono kekundu. Unasukuma, miguu inapata moto, basi. Anasema hii inajifanyia yenyewe, inajua kama mutu anasikia baridi. Inajua namna gani? Ilizaliwa Kibumba, kule juu kwa baridi?

Siku ya Mungu, 5 oktobre

Nimetoka misa. Rosine amepiga simu. Huyu binti yangu haombagi kitu. Hata kule kambi ya wakimbizi ya Mugunga, mvua inaingia kwa hema, namupelekea unga, anasema "nimeshiba, mama." Muongo. Sasa amerudi Kibumba na bwana yake Havugimana. Kuku zao zote zilienda na vita. Leo ameomba: vifaranga vya siku moja, aanze tena. Banda iko tayari, na mbabula ya makala ndani ya kuvipashia moto. Nikasema nitaleta. Nimesema — imekwisha.

Adalbert anasema tuvifuge hapa kwanza vikomae. Wapi? Kwa kitanda yangu?

Siku ya ine, 9 oktobre

Niandike, hasira isinipasue.

Tulitoka asubuhi na mvua. Vifaranga kwa karto mbili za matundu, karibu na miguu yangu. Vinalia pii-pii, vizuri. Adalbert amevaa shati ya mikono mifupi — "kuko shofaje, mama!" Na kweli, upepo ya moto ikakuja. Nikaomba gari pole, nilikuwa nimeitukana bure.

Tukafika kwa bariere, kizuizi ya njia. Foleni ya malori, mafuso tupu. Gari ikanyamaza. Haikufa, anasema Adalbert, motere inajizima yenyewe juu ya kubana esanse, petroli isiishe. Na moto? Moto nayo ikajizima! Upepo tu ikabakia. Nikamwambia ongeza. Anagusa ekra — kidole iko na maji, ekra haisikie. Anapangusa kidole kwa suruali, anagusa tena: ikatoka muziki. Muziki! Batu ba foleni banatuangalia kama tunasindikiza bibi harusi.

Kule juu, ukungu. Nikasema mimi nakufa baridi. Yeye anasema anasikia moto vizuri sana. "Ni uzee, mama."

Uzee!

Tulipofika, Rosine alifungua karto ya kwanza. Akafungua ya pili. Hakulia. Akaenda kutafuta jembe. Vilivyobakia vizima vilienea ndani ya sufuria ndogo. Akanishika mukono: "Aksanti kwa kuja, mama."

Bora angenitukana.

Siku ya tano, 10 oktobre

Adalbert alipita kunisalimia. Sikumupa chai.

Siku ya pili, 14 oktobre

Amerudi na haya usoni. Alipeleka gari kwa Fortunat, fundi ya umeme. Banaume wawili, asubuhi nzima, banagusa ekra na kutoka jasho. Wamevumbua nini? Gari iko na moto mbili! Moto ya mwenye usukani, na moto ya mwenye kukaa pembeni. Yake ilikuwa digri ishirini na sita. Yangu kumi na nane. Alikuwa anajipikia yeye peke yake, na mama yake na vifaranga kwa frigo!

Si uzee. Nilimufanya arudilie: "Haikuwa uzee, mama." Njo hapo nikamupa chai.

Lakini motere ikizimika, upande yangu inasahau yote, inarudi kumi na nane. Na kuko ingine: ukigusa alama ya kutosha ukungu kwa kioo ya mbele, moto yote inaenda kwa kioo, na mashini ya baridi inajifungua yenyewe. Kuikataza hakuna. Fortunat anasema njo namna banaitengeneza. Aliyeitengeneza akuje apande Kibumba na vifaranga, tumuone!

Nimenunua vingine. Kitenge yangu ya Noeli imeenda sokoni, tusiongee. Na safari hii niko na shofaje yangu: mabidon ya maji ya moto, nimeyafunga na blanketi. Haina ekra.

Siku ya ine, 16 oktobre

Naandika ndani ya gari.

Mabidon yalifanya kazi! Mpaka kwa bariere vifaranga viliimba. Lakini ile maji ya moto, na pumzi yetu, na pumzi ya vifaranga — tulipoingia kwa ukungu, kioo ikawa nyeupe. Adalbert haone kitu. Fuso ya mashu, kabichi mpaka juu, ikatupita karibu itung'oe kioo ya pembeni. Nikakata kirayi, kiazi mbichi ya kikapo yangu, nikapaka kioo, marehemu baba yao alikuwa anafanyaka vile. Ikawa uji. "Mama, sasa umetupikia."

Akagusa alama ya kioo. Kioo ikawa safi — na baridi ikatushukia kama maji ya ziwa. Akarudisha: moto kwa miguu, kioo nyeupe. "Mama, chagua. Tuone njia, ao vifaranga vipate moto."

Mimi njo nichague? Ni mimi nilitengeneza gari?

Nikasema simama. Nikaingiza vifaranga kwa kifua, chini ya tiriko, sweta yangu ya zamani, nikajifunga kitenge ingine juu. Havikuenea. Nikamwambia Adalbert fungua shati. "Mama!" Fungua. Mutu wa biro, wa ofisi, na tai yake, nikamujaza vifaranga mpaka kwa mukaba. Vingine vimebakia kwa bidon, na bidon inaanza kupoa.

Sasa kioo inaona. Lakini mbele Fuso imesimama, ukungu imezidi, tunangoja. Motere imejizima. Bila shaka! Rosine amepiga simu: mbabula inawaka toka asubuhi. "Mama, viko vizima?" Nikasema tunakuja.

Adalbert amekaa wima kama muti, anaogopa kuhema. Tumbo yake inalia pii-pii. Kifua yangu nayo ilikuwa inalia. Sasa imenyamaza. Kifaranga ikipata moto inalala. Njo ile. Inalala. Sifungui kitenge kuangalia, baridi isiingie.

Fuso imewasha taa. "Tuende, mama?"

Enda! Na hiyo ekra, naona imerudi tena kumi na nane —