Kovu Langu Si Pa Kupigia Upanga

Waberi,
Garissa.
Ijumaa, 7 Februari 2025

Mpendwa mjukuu wangu Salah,

Assalamu alaikum warahmatullahi wabarakatuh. U hali gani huko Kanada? Kile kifua kimepona? Mkeo Mwanakombo hajambo? Mwambie asiache kukupa tangawizi na asali hata ukikunja uso. Mimi namshukuru Mungu. Magoti yananisumbua, macho yananitosha. Jua la mwezi huu limetukausha hata mate na maziwa ya ngamia yamekuwa adimu, lakini tunakula na tunaswali.

Salamu zimekwisha. Sasa kaa chini.

Anayeandika ni Ramlo, binti wa baba yako mdogo Dubow, maana mimi kalamu sikuishika hata siku moja. Nimemwambia aandike kwa Kiswahili ili Mwanakombo naye asome bila wewe kumfasiria. Nakujua, ungemfasiria nusu. Kiswahili changu ni cha soko la mbuzi. Ramlo anakinyoosha, ila nimemkataza kuyalainisha maneno yangu.

Hilo gemu mnalotengeneza huko kazini kwako limefika. Dubow alilifungua sebuleni, akaita majirani waje waone kazi ya mikono yako. Yale ya kwanza tuliyapenda, la msitu, la bahari na la mchanga. Hili jipya ni la mlima wa moto. Nikawekewa kiti mbele kabisa kama mama wa bwana harusi.

Nikaona mlima unatapika. Mto wa moto unateremka kama uji uliofurika sufuria, majivu yanaanguka kama mvua, watu wa makaa wanachomoza kwenye mawe. Nikasema mashallah, mtoto ana mkono. Kisha yule kijana mwenye upanga akaingia ndani ya mlima, na huko chini kabisa ameketi kikongwe, anafukiza kibuyu. Akageuka. Watoto wote wakapiga kelele kwa pamoja, "Ayeyo!" yaani bibi, kwa lugha yetu.

Salah, ni mimi. Pua yangu, mtandio wangu wa manjano, kovu langu kutoka jichoni hadi kidevuni. Hata ninavyoshika kiuno nikiinuka. Na huyo mimi anatema moto.

Yaliyobaki nilimlazimisha Ramlo anieleze. Kumbe kovu huwaka jekundu kabla bibi hajarusha moto, na hapo ndipo pa kumpigia. Ukimpiga penginepo hafi. Ukimpiga kwenye kovu, anaanguka. Alipoanguka sebule nzima ilishangilia, na mimi nimekaa pale pale kwenye kiti changu cha heshima.

Uliponipigia simu nikakuuliza, ukacheka. Ukasema, "Ni heshima, Ayeyo. Nimekuweka humo ili uishi daima." Simu ikakatika. Umemwambia Dubow ni mtandao. Si mtandao. Ni mimi niliyeikata.

Kuishi gani huko kwa kuuawa kila siku na watoto wa watu?

Kovu hili unajua lilikotoka. Mwanakombo labda hajaambiwa, basi asome hapa. Tulikuwa Bute na mifugo. Nilikuwa nafukiza vibuyu kwa vijinga vya moto, kama tufanyavyo ili maziwa yasiharibike upesi na yanukie. Mumeo, Mwanakombo, hata jino moja alikuwa hajang'oa. Akachukua kijinga kimoja akaingia nacho ndani kuchezea. Nyumba zetu za kuhamahama ni mikeka na fito, ziliwaka kabla sijasimama. Niliingia. Nilimtoa nimemfunika kwa mtandio, ufito ukaniangukia usoni. Yeye hana hata doa. Sikumchapa. Nilimpa maziwa akalala.

Tangu hapo sijakusimanga, Salah, wala kwa utani. Lakini kovu hili sikukupa ulifanye shabaha.

Na kuna jambo limenichoma kuliko hilo. Bibi wa mlimani akishakufa, kibuyu chake kinabaki, na kijana anakunywa yale maziwa anapona majeraha. Wewe umelelewa wapi? Kwetu mgeni hupewa maziwa kabla ya kuulizwa jina, kabla ya kuulizwa kama kwao kumenyesha. Hata tuliyegombana naye hunywa kwanza. Wewe umewafundisha watoto wa dunia kwamba maziwa ya bibi hupatikana bibi akishauawa. Angeomba tu, angenyimwa?

Haya yote ningeyameza. Nimemeza makubwa kuliko haya. Ila kuna Yurub, mdogo wake Ramlo, yule aliyekuimbia kwenye simu. Tangu aache ziwa la mama yake analala kwangu, na halali mpaka ashike kovu hili kwa kidole. Sasa halali kwangu tena. Nikiwasha mkaa anakimbia. Juzi nilimwita nimsuke nywele, akasimama mbali, akaniuliza kama leo uso wangu utawaka. Nimezika mume, nimezika wana, na juzi nililia kama mtu aliyefiwa upya.

Sasa sikia ninachotaka. Ramlo anasema gemu hurekebishwa hata likishauzwa. Rekebisha. Kijana akifika chini ya mlima atoe salamu, apewe maziwa, ndipo aonyeshwe njia. Wakubwa wako wakisema bila kuua halinogi, basi ondoa uso wangu uweke wako. Na usinipigie simu kunibembeleza. Njoo. Njoo kabla ya Idi, uketi na mtoto huyu, umwambie kwa kinywa chako nani aliingiza moto na nani aliufuata.

Dubow anakusalimu. Bado anajigamba sokoni kwamba mlima ule umeuchora wewe, na mimi simkatazi, maana mlima ni mzuri. Ramlo anakusalimu, ananong'ona kwamba nimekuwa mkali mno. Nimemwambia aliandike na hilo. Mwanakombo, mwanangu, wewe sina ugomvi nawe. Mlete tu.

Jana jioni nilikuwa nafukiza kibuyu, Yurub akaja mlangoni na kijiti mkononi, amekishika kama upanga. Nilimimina maziwa kikombeni nikamnyooshea.

Akaniuliza, "Kwanza tupigane?"

Nikamwambia, "Kwetu kwanza tunakunywa."

Akanywa yote. Lakini mguu mmoja ulikuwa ndani na mmoja nje, tayari kukimbia. Huo mguu wa nje ni wako, Salah. Njoo uuingize.

Mungu akukinge na baridi ya huko, na moto wa mikono yako mwenyewe.

Bibi yako akupendaye, pamoja na hasira zake zote,

Bishara