Uso Wangu Kwenye Mlango wa Mama Fatuma

Salamabila

Mama yangu,

Asalaam aleikum. Kwanza miguu yako: bado inavimba jioni, au ile dawa aliyokuchemshia Mwavita imesaidia? Na unakula kweli? Nakujua. Tangu Baba atutoke na wewe ukaingia eda, watu wanakuletea sahani nzuri nzuri, wewe unazigawa kwa watoto wa jirani halafu unasema umeshiba. Mwavita, mdogo wangu, wewe unayemsomea, simama hapo kidogo umtazame. Akitabasamu, basi nimemkamata.

Sisi huku tuko wazima. Ramazani mume wangu hajambo, ila pikipiki yake inaumwa kuliko yeye. Mvua imekazana, barabara ya kwenda Kabambare ni tope tupu, na mimi bado nakaanga mandazi asubuhi mbele ya nyumba, wachimbaji wananunua wakielekea mashimoni. Habari nzuri zimeishia hapo.

Mama, siku ya maziko uliniuliza kwenye simu: "Wenzako wote wamefika kumuzika baba yao. Weye uko wapi?" Nikakujibu mtandao unakatika, nikazima. Mtandao ulikuwa mzuri tu. Lakini nilikuwa nimesimama pale kilimani ambako simu zinashika, na nusu ya mtaa imesimama hapo hapo, masikio wazi, na jibu langu ni refu, halisemwi kwa kupiga kelele. Nakuandikia sasa ili ulisikie lote. Usinikasirikie kabla hujafika mwisho.

Kampuni ya dhahabu inautaka mtaa wetu. Wanasema sheria ya migodi imewapa kilicho chini, chetu sisi ni kile kilicho juu: nyumba, migomba, mihogo. Vya juu vitahesabiwa, na sisi tutahamishiwa kwingine. Ulifanyika mkutano uwanjani. Bwana mmoja wa kampuni, mwenye viatu vizuri mpaka nikavionea huruma kwenye lile tope, alisoma karatasi kwa Kifaransa, mwingine akatafsiri. Akasema tutaondoka hapa tukiwa na hali bora kuliko tuliyokuja nayo. Mchimbaji mmoja wa siku nyingi akanyoosha mkono: "Miye nilikuya na miguu. Mutanirudisha na nini?" Watu walicheka sana. Yule bwana naye alicheka, maana hakuelewa, kisha akaendelea kusoma.

Baadaye wakaja vijana wenye mashine za kupiga picha za nyuso. Wanapita nyumba kwa nyumba, mwenye nyumba anasimama mlangoni, wanampiga picha, wanaandika namba kwa rangi nyekundu ukutani. Kuanzia siku hiyo huruhusiwi kujenga, kupanda wala kuziba paa. Kitakachoongezeka hakihesabiwi, na ukionekana unaongeza unaitwa mwizi. Paa letu linavuja juu ya kitanda, tumesogeza kitanda, sasa linavuja juu ya unga. Na asiyepigwa picha hayupo. Walisema hivyo hivyo bila aibu: "Mwenye hayiko mu mashini, hayiko."

Sasa jirani yangu wa ukuta kwa ukuta ni Mama Fatuma, mtu wa kule Wamaza, mwanamke mwema. Wakati ule mume wake alikuwa amekufa karibuni, shimo lilimwangukia, na yeye alikuwa ndani anakaa eda. Wewe leo huhitaji kuelezwa. Haonekani na wanaume wa nje, sembuse kupigwa picha na kijana asiyemjua, uso wake ukabebwa kwenye mashine kupelekwa kusikojulikana. Mashemeji zake wakakataa kabisa. Kijana wa mashine akasimama mlangoni, wingu jeusi juu yetu, akatazama saa yake. Nikatoka. Nikamwambia kwetu aliye kwenye eda hushikiwa nafasi, je, nimshikie? Akasema: "Leta tu uso moya ya mwanamuke, mama, mvula inakuya."

Nikasimama mlangoni pa Mama Fatuma, nikampa uso wangu.

Ubaya ningeuona wapi, Mama? Umenilea hivyo. Aliye kwenye eda jirani humchotea maji, humpokelea unga, humjibia hodi. Nilipokuwa msichana ulinituma mara ngapi kwenda kupanga foleni kwa ajili ya mjane fulani? Nilidhani uso ni kama sahani, unaazimwa, kesho unarudishwa. Mama Fatuma alinishukuru nyuma ya pazia huku analia.

Kisha yule kijana akahamia mlangoni kwangu. Nikasimama, nikatabasamu hata. Mashine ikalia. Akaniangalia, akaiangalia. "Weye uko na nyumba tayari," akasema. "Nyumba yako ni ile ya pale. Weye ni mujane." Ramazani alikuwa nyuma yangu anaosha pikipiki, mzima kabisa, povu mpaka kwenye viwiko. Nikasema, kijana, si wewe uliyetaka uso? Mvua ikaanza. Akachora alama ya kuuliza kwenye ukuta wangu, nyekundu, kubwa, akakimbia. Hatujamwona tena. Wanasema kazi yake iliisha, akarudi kwao.

Mwanzoni tulicheka. Ramazani alikuwa anatoka chumbani asubuhi akisema, "Marehemu iko na njaa." Wateja wangu wakaligeuza jambo lenyewe kuwa ubishi wa kila siku. Dereva mmoja wa pikipiki, rafiki wa Ramazani, akawa anatetea: "Mashini iko muzuri. Haina ndugu, haikule rushwa." Mchimbaji aliyekuwa anapuliza chai akamjibu: "Iko na ndugu. Ndugu yake ni ule mwenye aliinunua." Mimi nilikuwa nacheka nao huku nageuza mandazi. Lakini siku moja Ramazani alikwenda biro, ofisi ya kampuni, kuomba nyumba yetu iandikwe kwa uso wake yeye. Wakamuuliza mke wake ni nani. Akanitaja. Wakatafuta kwenye mashine, wakamwambia huyo ni mjane wa mtu mwingine, asije kuwachezea. Alirudi, na ule utani wa marehemu hajaurudia.

Ndipo ikaja simu ya msiba wa Baba. Ramazani aliwasha pikipiki saa ile ile. Mzigo wangu nilikuwa nimeshaufunga, kitambaa nimeshajitanda, shefu wa mtaa akaja mbio. Wakaguzi wa kampuni wanaanza kupita, hawasemi siku, na nyumba yenye alama ya kuuliza wasipomkuta mwanamke mwenye ule uso, wanaifuta. Nikamuuliza, mume wangu si anaweza kunisimamia mlangoni? Akasema hapana, uso wangu ndio kesi yenyewe. Mimi niliyemshikia mwenzangu nafasi sikuwa na wa kunishikia.

Najua utakachosema: nyumba ni matofali, iache, uje. Ningeiacha. Haki ya Mungu ningeiacha siku ile ile, na paa lake linalovuja. Lakini nyuma ya jiko ndiko alikolala Mwajuma wetu, yule tuliyempa jina lako, ambaye hukujaliwa kumwona. Kampuni imesema makaburi yatahamishwa kwa heshima, sheikh akiwepo, sanda mpya, kila kaburi na mwenye nyumba yake. Kaburi la nyumba iliyofutwa halina mwenyewe. Greda litapita tu, kama linavyopita juu ya mihogo. Ndiyo sababu sikuja, Mama. Sikukataa kumzika Baba. Nilibaki kumlinda mjukuu wake. Nilikaa kwenye kizingiti na mzigo wangu umefungwa, na ilipoadhiniwa adhuhuri nikajua huko mnamswalia. Nililia mpaka mafuta yakaungua jikoni, na sikuyaondoa.

Nakuambia ukweli, nina hasira. Kumkasirikia Mungu siwezi, mashine haina masikio, na yule kijana ni mtoto wa mtu, alikuwa anaogopa kulowa. Kila unayemshika anasema si yeye. Wa biro anasema ni sheria. Shefu anasema ni kampuni. Ukiuliza kampuni ni nani, wanakuonyesha ukuta wenye bango. Nimewahi kugombana na watu wengi sokoni, unanijua mdomo wangu, lakini sikuwahi kukosa mtu wa kugombana naye.

Wakaguzi walikuja wiki iliyopita. Kiongozi wao ni mtu mzima, mpole, anasema Kifaransa na Lingala, ana mkalimani. Alinigeuzia mashine, nikajiona: uso wangu, kitambaa changu cha bluu, na chini yake jina la Mama Fatuma. Mkalimani akauliza: "Weye ni nani?"

Mama, nilipiga hesabu. Nikisema mimi ni Mama Fatuma, nyumba yake inapona, na yangu inakwenda na Mwajuma wangu. Nikisema mimi ni mimi, huenda zikafutwa zote mbili kwa sababu tumedanganya. Mama Fatuma eda yake ilikuwa imekwisha, alikuwa amesimama mlangoni kwake, uso wazi. Alikuwa ameshakwenda biro mwenyewe kueleza, mashine haikumjua. Ana namba ukutani, hana uso. Mimi nina uso, sina namba. Mama Fatuma akapaza sauti: "Sema jina yako, mama. Miye nilikuwa mu eda, haikuwa bwizi."

Nikasema jina langu. Nikasema na la Baba, na la babu, na mtaa wetu wa Kasongo, na nikamvuta Ramazani mkono nikamweka mbele yao. Yule mkubwa alisikiliza mpaka mwisho. Akasema ameniamini. Nilitaka kuruka. Kisha mkalimani akaongeza: "Lakini kufuta haiko mu mukono yake. Mwenye kufuta iko mbali."

"Mbali wapi?"

Wakasemezana. "Hajui. Yeye pia hayaonaka uso ya ule mutu."

Mpaka huyo wa mbali afute, mimi na Mama Fatuma tusiondoke hapa. Watapita tena, hawasemi lini, na wasipotukuta mashine itaandika kwamba tumezihama nyumba. Nikauliza ni mpaka lini. Yule mkubwa akafunga mashine, akanishika bega kwa upole, na ule upole ndio ulionikata maini zaidi ya yote. Mama Fatuma alikuwa na safari ya Wamaza kwa wanawe. Sasa tunakaa wawili kizingitini tunachambua majani ya sombe, tunatazamana kama kuku waliofungwa kamba moja mguuni. Wewe eda yako unaijua itakapoishia. Hii yangu hakuna sheikh anayeweza kunihesabia.

Ramazani ndiye aliyeuliza la mwisho. "Na miye?" Mkalimani hakuinua hata kichwa. "Weye hauko mu mashini. Weye enda kwenye unataka."

Kwa hiyo arobaini ya Baba sitakuwepo, Mama. Nimelisema. Nimekaa na kalamu tangu asubuhi nikilizunguka hilo. Anakuja Ramazani. Barua hii ataifunga kwenye nailoni, ataiweka kifuani chini ya shati. Mruhusuni aingie mpaka chumbani, ni mkwe wako, dini inamruhusu kukuona. Najua atakaa mbali na wewe na macho chini kwa heshima, mwambie asogee. Mjomba ampeleke kaburini kwa Baba, aweke mkono pale ambapo ningeuweka wangu, aseme jina langu kwa sauti. Wanawake wakiuliza binti yuko wapi, msiwape habari za mashine, hawataelewa, mimi mwenyewe sielewi. Waambieni nilifunga mzigo. Hilo linatosha.

Na kisomo kikiisha usimkawize, nakusihi. Nikibaki peke yangu hapa, hakuna wa kunishuhudia kwamba mimi si mjane.

Salamu zimfikie mjomba aliyemwosha Baba, mwambie nimesikia jinsi alivyofanya kwa mikono yake na nimemwombea dua. Salamu kwa shangazi anayesema dhahabu imenila; mwambie imetafuna, haijameza. Mke wa kaka yangu, aliyepika maziko yote bila mimi kumshikia hata mwiko, namwomba radhi. Mwavita, umsome Mama usoni kila siku, uniandikie. Mama Fatuma anakusalimu, Mama, anasema pole ya mfiwa kwa mfiwa.

Mimi mwanao Zaina, binti wa marehemu Selemani, mke wa Ramazani, ambaye yu hai na amesimama mbele yako.