Mibetula Yetu Haikukauka

Kalnāji,
14 Aprili 1996

Dada yangu mpenzi Austra,

Pokea salamu zangu nyingi. Natumaini barua hii itakukuta mzima huko Liepāja, na kwamba goti lako limepata nafuu tangu baridi ipungue. Mimi sijambo, ila nina kikohozi na hasira. Kikohozi kinapona.

Hasira nimeletewa na diwani wetu mpya, Guntars. Anataka kukata bustani ya mibetula, ile miti yetu ya magome meupe, pale njia panda apate pa kuegesha malori. Tulimwambia hauguswi mti hata mmoja, ule ni ukumbusho wa watu wetu thelathini na mmoja waliopelekwa Siberia kwa nguvu na serikali ya wakati ule. Akajibu kwa upole kwamba sheria inalinda ukumbusho wa kweli tu, kisha akaleta mtaalamu. Huyo akatoboa miti kwa kekee na kuihesabia umri kwa pete za ndani ya shina.

Unaukumbuka msaragambo wa Aprili 1950, kila nyumba na mche wake kutoka msituni. Mwenyekiti wa shamba la ushirika tulimwambia tunapendezesha barabara, akatusifu, mpumbavu yule. Hatukuandika jina lolote, lakini kila mtu alijua mti upi ni wa nani. Wewe ulipanda wa shemeji Jēkabs. Wazee walisema mti ukichipua, mwenyewe yu hai. Ukikauka, usimngoje tena. Na miaka ikapita bila mti hata mmoja kukauka, hadi watu wa vijiji vingine wakawa wanakuja kuutazama muujiza wetu.

Sasa mtaalamu amesema miti kumi na tisa ilizaliwa baada ya mwaka ule. Guntars alituuliza mkutanoni, huku akitabasamu, kama ukumbusho wetu ulipandwa kwa mafungu. Jirani yetu Zelma, na miaka yake themanini na mbili, akamwambia kwamba yeye alimwogesha akiwa mtoto, na alikuwa na adabu zaidi alipokuwa uchi. Watu walicheka, lakini swali likabaki pale pale. Baraza litapiga kura Alhamisi ya tarehe 25.

Jibu ninalo, dada, na sitaki ulisikie kwa mwingine. Aprili 1952, ulipokuwa umelazwa kwa homa ya mapafu, mche wa Jēkabs ulikauka. Sikuweza kukuletea habari ile kitandani. Alfajiri nilichukua sepetu nikaenda msituni kuchimba mwingine, na huko nikamkuta Zelma na mche kwenye gunia. Alisema wa mwanawe umetafunwa na sungura. Hatukuongeza neno. Mwaka uliofuata tulikutana watu sita, kila mmoja na sepetu, kila mmoja akidai amefuata kuni.

Ulipopona, Voldemārs akaja kukuposa. Ulimpeleka bustanini, ukamwonyesha majani mabichi, ukamwambia mume wako yu hai. Mimi nilikuwa nyuma yenu, nami nikanyamaza. Yule mwanamume mwema akaenda zake. Karatasi ya kifo ilipokuja mwaka 1957, iliandikwa kwamba Jēkabs alifariki Novemba 1951. Umeishi peke yako miaka yote hii kwa ajili ya mti nilioupanda mimi.

Nimekukosea, Austra, na hilo linaniuma kila siku. Lakini kupanda sijutii, na ningepanda tena. Walichukua watu wetu, wakatukataza kuwalilia, wakadhani tutasahau. Hatukusahau hata mche. Alhamisi nitasimama mbele ya baraza nitaje mti upi, mwaka gani, mkono wa nani, na Zelma na wenzake wanne walio hai watataja yao. Guntars ataambiwa kwamba ndiyo, tuliupanda kwa mafungu, na akikata tutapanda fungu jingine.

Itanibidi nilitaje jina la Jēkabs, na lako, na kosa langu. Sikuombi ruhusa, nakuarifu tu. Ukitaka kunitukana, njoo unitukane mbele ya watu wote. Basi la kwenu linafika saa tatu, kikao kinaanza saa nne, nami nitakuwekea kiti kando yangu.

Nisalimie mpwa wetu Ināra, na wote wanaoniulizia.

Ni mimi mdogo wako,
Velta