Jina Langu Limo Kitabuni

Jumamosi. Jua limetoka lakini halina kazi. Ndiyo Julai ya Johannesburg: anga tupu, midomo imepasuka, vumbi la migodi limetua mpaka ndani ya kikombe cha chai. Nimevaa soksi jozi mbili na bado vidole vya miguu vimekufa ganzi. Nimeamka na hasira, na mtu ninayemkasirikia nalala naye kitanda kimoja, nakula naye sahani moja. Ni mimi.

Sijaandika hapa wiki tatu. Mnaonisoma labda mlidhani naumwa. Siumwi. Nilikuwa najificha.

Nianze na jina, maana mabaya yote yameanzia humo. Hapa Rosettenville ni wachache wanaojua kwamba naitwa Mwanahamisi. Mimi ni Mama Pampu. Nafundisha watu wetu kuendesha gari, Wakongo, Warundi, Watanzania wenzangu, wale wanaoogopa kufundishwa kwa Kiingereza na mtu anayetazama saa kila dakika. Nawafundishia kwenye uwanja wa vumbi nyuma ya lundo la mchanga wa mgodi, kwa Kiswahili, kwa pikapu yangu kuukuu. Hapa pikapu wanaiita baki. Mwaka wangu wa kwanza nilicheka sana: gari linaitwa Baki, nalo halitaki kubaki barabarani.

Somo langu la kwanza kwa kila mtu ni breki. Usikandamize, piga pampu. Kanyaga, achia, kanyaga, achia, usukani mnyoofu. Nililirithi kwa baba yangu, dereva wa lori la mboga, aliyeshuka milima ya Lushoto mpaka Mombo miaka nenda miaka rudi bila kuua hata kuku. Nikiwa msichana nilikaa kando yake nikitazama mguu wake ukicheza juu ya pedali. Ukikandamiza, magurudumu yanafunga, gari linaserereka na usukani unabaki pambo tu. Ukipiga pampu, unafika chini salama. Kwa lori lile, ilikuwa kweli.

Wanafunzi wangu walikuwa wakiimba maneno hayo wakizunguka uwanja, na jina likazaliwa hapo. Nililipenda, nisiseme uongo. Mjini hapa ambapo mtu unaitwa mgeni hata baada ya miaka kumi na saba, kupewa jina sokoni na kanisani na msikitini si jambo dogo.

Bahati ni fundi cherehani kutoka Bukavu. Anaishi Doornfontein, ghorofa ya tatu, na mkewe Mama Neema, na chumba cha mbele kimejaa vitambaa: sare za shule, majoho ya kwaya, kola za wachungaji. Nilimfundisha mwaka jana. Alikuwa mwanafunzi wa kuandika kila kitu kwenye daftari, mpaka mahali pa kuweka kidole gumba. Alipofaulu akanunua pikapu, si mpya, lakini mpya kuliko yangu, akaileta uwanjani ili niwe wa kwanza kuiendesha raundi moja. Heshima hiyo alinipa mimi.

Siku hiyo alikuja na kitabu cha gari, kile kinachokaa kwenye kisanduku mbele ya abiria. Alikuwa anacheka tangu mbali. Akasema, "Mama Pampu, jina yako iko mu kitabu."

Kweli lilikuwepo. Neno pampu, kwa Kiingereza, katikati ya ukurasa wa breki. Tukacheka wote wawili. Kisha akaanza kusoma polepole, kidole kikifuata mstari, na kicheko chake kikapungua. Kitabu kilisema gari lile lina breki za ABS, na kwamba dereva asipige pampu.

Akaniuliza maana yake nini. Kuuliza si ujinga, ndivyo ninavyowaambia kila siku.

Nilikifunga kitabu.

Nilikifunga kwa mkono huu huu unaoandika. Nikamwambia waliokiandika hawajawahi kushuka mlima na lori la kabichi. Nikamwambia ABS ni madoido ya wauza magari. Ukweli ni kwamba sikujua ABS ni nini, na niliona aibu kuulizwa na mwanafunzi jambo nisilolijua. Basi. Nimetafuta sababu nyingine kwa wiki tatu na sijaipata.

Theluji kwetu hapa Johannesburg ni jambo la kupiga picha. Inanyesha mara moja baada ya miaka, watoto wanaikimbilia, saa sita mchana imekwisha. Lakini ukishika barabara ya Durban, pale Van Reenen ambapo nchi inateremka ghafla, theluji haina mchezo. Ijumaa ya wiki tatu zilizopita Bahati alikuwa anapeleka majoho ya kwaya Pietermaritzburg. Aliondoka alfajiri. Usiku uliotangulia mlima ulikuwa umefunikwa, na chini ya theluji malori yalikuwa yameisugua barabara mpaka ikawa barafu.

Alinisimulia mwenyewe hospitalini. Alikuwa anateremka taratibu. Mbele yake lori likasimama. Akakanyaga breki, na pedali ikaanza kutetemeka chini ya mguu, ikikwaruza kama kuna kitu kimekatika. Akaogopa kwamba breki zinakufa. Akakumbuka somo. Akaachia, akakanyaga, akaachia, akakanyaga, usukani mnyoofu, na kila alipoachia lile lori lilimkaribia. Akaingia chini ya mkia wake. Kifundo cha mguu wa kulia kikasagika.

Mguu wa kulia ndio wa breki. Ndio pia wa cherehani. Daktari ametia vyuma, amesema utakanyaga lakini hautapinda kama zamani.

Nilikuwa nimeketi kando ya kitanda na mfuko wa machungwa mapajani. Bahati akanishika mkono, akasema, "Mama, unisamehe. Nilipiga pampu vile ulinifundisha, lakini pengine sikupiga mbio."

Aliniomba mimi msamaha.

Mama Neema alikuwa amesimama miguuni pa kitanda. Alimwambia mumewe, mbele yangu, kwamba Mama Pampu alimfundisha vizuri na yeye ndiye hakushika. Alisema kwa uchungu wa mwanamke aliyechoka, hakuwa na ubaya. Bahati akatazama ukutani. Mimi nilikuwa sijajua bado kwamba kosa ni langu, ningeweza kujitetea hivyo. Lakini ule ukurasa ulinijia palepale, na nikaanza kumenya chungwa.

Jumanne hii nilikwenda gereji kwa Chande, mtu wa Dar, fundi ambaye pikapu ya Bahati ilivutwa mpaka kwake. Nilikwenda kutafuta mkosaji. Nilitaka aniambie bomba lilipasuka, mafuta ya breki yalikuwa machafu, muuzaji alimtapeli. Chande alifuta mikono akaniambia, "Bi mkubwa, breki nzima kabisa. ABS inapiga pampu yenyewe. Ile kutetemeka ndiyo pampu."

Akanieleza kama mtoto, na nilistahili. Gari lile lina akili ya kujua gurudumu linapotaka kufunga. Linaachia na kukanyaga lenyewe, haraka kuliko mguu wa binadamu yeyote, hata wa baba yangu. Kazi ya dereva ni kukandamiza kwa nguvu, asiachie hata pedali ikimpigia kelele, na kukata usukani kuelekea penye nafasi, maana magurudumu yasiyofunga yanasikia usukani. Ukipiga pampu juu ya pampu, unalikatiza kila linapoanza kazi. Akaongeza kwamba majoho ni mepesi, nyuma ya pikapu ilikuwa tupu, ilihitaji mifuko ya mchanga ili magurudumu yashike. Hilo nalo sikumfundisha mtu.

Nikamuuliza kama Bahati angenusurika asingepiga pampu. Chande si mtu wa kubembeleza. Akasema juu ya barafu ABS haifanyi miujiza, pengine gari lingehitaji mwendo mrefu zaidi kusimama. Lakini polisi walipiga picha, na yeye ameziona kwa mwenye gari lililoivuta pikapu. Kushoto kwa lile lori palikuwa na ukingo wa barabara mpana, mtupu, mweupe.

Usukani mnyoofu. Hilo nalo ni somo langu.

Leo asubuhi nilimwomba Chande gari lake lenye ABS, tukaenda uwanjani kwangu, kwenye kokoto. Nikakimbiza mpaka nusu ya uwanja, nikakandamiza. Pedali ikaruka chini ya soli na mguu wangu ukajiinua wenyewe. Nikarudia. Ukajiinua tena. Mara ya tatu nilikuwa najisemea kwa sauti, usiachie Mwanahamisi, usiachie, na bado uliachia. Mzoea punda hapandi farasi. Mara ya nne nilishikilia nikiwa nimeuma meno, nikakata kushoto, na gari likanisikiliza. Lilikwenda nilipolielekeza na likasimama likinguruma.

Chande akacheka akasema nimefaulu. Mimi nililia. Ilikuwa rahisi mno. Ningeweza kumwonyesha Bahati siku ile ile aliyoleta kitabu, kwenye uwanja ule ule, kama tu ningesema: sijui, twende tukamuulize fundi.

Sijui. Neno lenyewe halina hata herufi sita.

Nilitoka pale nikaenda moja kwa moja Doornfontein kabla moyo haujapoa. Lifti yao imekufa siku nyingi, na nilipokuwa napanda ngazi nilimfikiria yeye na magongo yake akizishuka. Mlangoni nilisikia cherehani. Nikafurahi kijinga. Kumbe ni Mama Neema aliyekuwa akishona, polepole, akifumua na kurudia. Bahati alikuwa kwenye kiti karibu na dirisha, mguu juu ya ndoo iliyopinduliwa, akimwelekeza kwa kidole. Kola ilikuwa imekaa upande.

Walinikaribisha vizuri. Hilo ndilo lililokuwa baya. Mama Neema alileta chai, akaniuliza habari za nyumbani. Bahati akasema ameapa hatashika usukani tena, kwamba Mungu hakumpa mguu wa gari, na amemwachia shemeji yake ile kazi ya kupeleka mizigo. Wenzake kanisani wanasema alikuwa ana haraka. Yeye mwenyewe amekubali kwamba alikuwa ana haraka. Mtu aliyekuwa anateremka taratibu.

Nikaweka kikombe chini nikasema yote. Breki zilikuwa nzima. Ile kutetemeka lilikuwa gari likimsaidia. Alipiga pampu sawasawa kama nilivyomfundisha, na mafundisho ndiyo yaliyokuwa mabaya. Nikamgeukia Mama Neema nikamwambia mumewe alishika kila neno, na ingekuwa heri asingeshika. Nilisema bila kupumzika, kwa sababu nilijua nikipumzika nitaanza kujitetea.

Mama Neema aliondoa mguu kwenye pedali ya cherehani.

Bahati hakukasirika. Heri angekasirika. Aliutazama mguu wake kwa upole, kama vile alikuwa ameusingizia jambo. Kisha akainua macho.

"Nilikuonyesha ukurasa, Mwanahamisi."

Hakusema Mama. Hakusema dada. Mtu wa Bukavu, aliyelelewa asiite mwanamke anayemzidi umri kwa jina tupu hata akiwa usingizini. Sikujua kwamba analijua jina langu. Nikasema ndiyo, ulinionyesha. Akatikisa kichwa, akamwambia mkewe kola imelala, aifumue upande wa kushoto. Mama Neema hakunisindikiza mlangoni, na sikumtarajia.

Kwenye ngazi nilisikia cherehani ikianza tena.

Nilidhani ningetoka pale nikiwa mwepesi. Watu husema ukweli unapunguza mzigo. Haukupunguza wangu, labda umepunguza wake, na pengine huo ndio uliopaswa kupungua. Mtu amelala wiki tatu akijiona mjinga kwa ajili ya ujinga wa mwingine. Angalau usiku huu hatalala hivyo. Mguu wake haupindi zaidi kwa sababu nimekiri.

Nimekaa nikihesabu waliopita mikononi mwangu, walioimba pampu wakizunguka ule uwanja. Wengi siku hizi wana magari yenye ABS. Wako barabarani sasa hivi, hapa mjini, Durban, wengine wamevuka mpaka, na miguu yao inajua ninachokijua mimi. Nitawatafuta mmoja mmoja. Wengine watanicheka, na wengine watasema Mama amezeeka. Nitasema hivyo hivyo.

Kesho saa nane mchana, baada ya kanisa, nina mwanafunzi mpya, mama wa Kirundi anayeuza vitambaa Marshalltown. Nimemwandikia ujumbe kwamba hatutaanza na gari. Aje na kile kitabu cha gari lake, tukisome pamoja, na mahali ambapo mimi sijui nitamwambia sijui.

Amenijibu sasa hivi.

"Sawa, Mama Pampu."